Unywele wa Nui

"Usipumue," Kisaku alijiambia, na kisu kikaingia kwenye ubao wa mcheri wa kuchapia picha.

Alikuwa amefika kichwani. Mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao, na kila alipochonga, karatasi ilikatika pamoja na mti. Mwingine haukuwepo. Msichana wa kwenye mchoro alikuwa Nui, binti yake, aliyekuwa akiwaandalia wageni chai pale darajani, hadi surua ilipomchukua majira ya baridi. Mchoraji alimchora kabla hajaugua. Sura yake nyingine haikubaki popote.

Na hata hii, jamani, haikuwa yake sana. Jicho mstari, pua mstari, mdomo mdogo kama wa warembo wote wa picha za mji wa Edo. Kisaku alimtafuta mwanawe humo siku nzima asimwone. Roho ilimuuma.

Ila nywele mchoraji huwa hazichori. Huzungushia tu umbo la shungi, akamwachia mchongaji azitoe mwenyewe, mmoja mmoja. Hapo palikuwa pake.

"Kuna ule unywele wa kisogoni," mkewe alisema alipomletea chai. "Nilikuwa nauchomeka ndani kila asubuhi, Baba Nui. Mkaidi huo! Akifika mlangoni umeshachomoka."

"Mwenye karakana hataki uchafu shingoni," Kisaku alisema.

"Uchafu?" Mama Nui alikitua kikombe kwa kishindo. "Basi mchonge msichana wa watu!"

Genzaemon, mwenye karakana, alipita jioni. Akainama juu ya ubao.

"Na huu uzi hapa shingoni? Kisu kimekuteleza, mzee? Uondoe."

"Hakijateleza."

"Kisaku, macho yakichoka sema. Nitakupa nguo za kwenye picha uchonge, vichwa nimpe mwingine."

Loo! Nguo ni kazi ya wanaojifunza. Kisaku alizeeka akichonga vichwa, na mtaa mzima ulimjua kwa hivyo. Alikifuta kisu chake polepole.

"Nipe nguo, bwana. Lakini huo uache."

"Haya," Genzaemon akasema. "Umeyataka mwenyewe."

Picha ya kwanza ilipotoka, Mama Nui aliishika kwa mikono miwili. Hakulia. Alilowesha kidole kwa mate, kama alivyozoea, akakipeleka shingoni kwa msichana ili aurudishe ule unywele mahali pake.

"Wino bado mbichi," Kisaku alimwambia.

Kidole kikabaki palepale, hewani.