Mume wa Mama Nyuzi

Celina aliuza nyuzi Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufuma hata kitambaa cha kufunikia redio. Watu walimwita Mama Nyuzi, naye akiwajibu kwamba muuza majembe si lazima alime. Uzi aliujua kwa kuugusa tu: upi wa pamba tupu, upi utachuja rangi, upi utakatika ukivutwa. Kufuma aliwaachia wateja.

Mumewe, Aristides, alikuwa mwendesha kreni bandarini. Miaka thelathini na mmoja alikaa juu kwenye kibanda cha vioo akishusha makontena melini, na hakuna hata moja lililomponyoka. Alipostaafu, wiki ya kwanza alilala, ya pili akapaka rangi nyumba yao ya Ilala, ya tatu akaanza kumfuata mkewe dukani kwa sababu ukimya wa nyumbani ulimshinda. Binti yao wa pekee, Nice, alikwisha kuolewa Dodoma.

Dukani hakuwa na kazi. Alipanga maboksi yaliyokwisha kupangwa. Ndipo alipozoeana na Bi Siti, mama mtu mzima wa mtaa wa Gerezani aliyekuja kila mwezi kuchukua uzi mweupe na kupumzisha magoti. Bi Siti alifuma huku akipiga soga, sindano zake mbili zikipishana bila yeye kuziangalia. Aristides alimtazama siku nzima. Bi Siti alipokuja tena, Aristides akamwomba amfundishe, naye, badala ya kucheka, akamsogezea kiti.

Alianza na vitambaa vya makochi, vikatoka vimepinda. Kisha akahamia kwenye lesi, ile kazi ya matundu ambayo hata wafumaji wazoefu huikwepa. Unautupa uzi juu ya sindano, tundu linazaliwa, halafu mbele kidogo unaunganisha vitanzi viwili ili hesabu irudi sawa. Ukikosea kitanzi kimoja, ua zima linakwenda upande. Kwa Aristides, hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Raha hiyo mwanzoni ilimtesa. Alijikunja kama anayetafuta pesa iliyoanguka, akazibana sindano za chuma mpaka vidole vikafa ganzi na shingo ikakaza. Celina alimkanda kwa mafuta ya moto na kumshauri aachane nayo. Yeye akakaa akafikiri, kisha akafanya kama alivyozoea bandarini. Alitafuta kiti chenye mgongo ulionyooka, akaweka mto chini ya viwiko, akabadili sindano za chuma kwa za mianzi, nyepesi, na kila baada ya nusu saa alisimama mlangoni kutazama mbali ili macho yapumzike.

“Kontena la tani thelathini hulikabi, Mama Nice,” alimwambia mkewe. “Unaliongoza tu. Na uzi ni hivyo hivyo.”

Maumivu yakaisha. Mikono ikawa myepesi, na lesi ikaanza kutoka laini kama povu la sabuni.

Badria, fundi cherehani na mteja wa siku nyingi, aliiona siku alipofuata nyuzi za kudarizia. Binti yake Nasreen alikuwa anaolewa baada ya miezi minne. Aliigeuza ile lesi juu na chini, akatafuta kosa, asilipate. Akamwomba Aristides, aliyemwita shemeji, amfumie bibi harusi mtandio mweupe, wa kushuka kutoka kichwani mpaka chini ya kiuno. Aristides akakubali. Celina aliingiwa na wasiwasi, maana kitambaa cha kochi ni kitu kimoja na harusi ya watu ni kitu kingine.

Wiki iliyofuata akaja Jovin, mfanyabiashara wa jumla kutoka Rombo, mtu wa kijijini kwao Aristides. Alimkuta amekaa karibu na kaunta, uzi mweupe magotini. Alisimama akamtazama, akacheka mpaka wapagazi wa nje wakageuka, akauliza kama pensheni ya bandari imekuwa ndogo kiasi hicho mpaka mwanaume ashike kazi ya mabinti. Aristides alitabasamu na kuendelea na safu yake. Celina ndiye aliyeungua uso kwa aibu.

Kesho yake akamwambia mumewe kwamba stoo ya nyuma ina feni, kuna upepo mzuri kuliko pale mbele. Aristides alimwangalia kidogo, akanyanyua kiti chake na mto wake, akaenda.

Alifuma huko nyuma wiki tatu, kati ya marobota, chini ya taa moja iliyokuwa ikipepesa. Wateja wakubwa waliingia na kutoka wasimwone, na Celina akajidanganya kwamba mambo yametulia. Lakini usiku shingo ilianza tena kumuuma mumewe. Siku moja akiwa safu ya mia na kumi na mbili akagundua tundu lililokaa pasipo pake, safu kama ishirini nyuma. Mwanga haukumwonyesha mapema. Bahati nzuri alikuwa na desturi ya kupitisha uzi mwekundu ndani ya vitanzi kila baada ya safu kadhaa, ili akifumua kazi isimwagike yote. Celina aliingia stoo akamkuta anafumua, kazi ya siku nne ikirudi kuwa uzi mtupu, naye ametulia kama anayemenya chungwa. Alitoka moyo ukimsuta.

Mchana ule ule Badria akaja kutazama mtandio umefikia wapi. Celina akampeleka nyuma. Badria alisimama mlangoni, akaangalia marobota, akaangalia taa, akamwangalia Aristides aliyekuwa ameinamia kazi mpaka pua inakaribia kugusa uzi.

“Dada Celina,” alisema polepole, “mtandio wa mwanangu unafumwa gizani?”

Badria alipoondoka, Celina aliwaita wapagazi wawili wakatoa rafu iliyokuwa mlangoni, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote, panapoonwa na kila anayepita Mchikichi. Kiti cha mumewe alikibeba mwenyewe.

“Nilikuonea aibu, Baba Nice,” alimwambia alipokiweka chini. “Nisamehe.”

“Nilijua,” Aristides akajibu, huku akipanga mto wake. “Nikasema ngoja niisubiri ipite. Mimi nimezoea kusubiri meli.”

Tangu siku hiyo alifuma mlangoni. Watu walisimama kutazama, wengine walipiga picha, wauza mitumba wakambatiza jina la Injinia. Jovin aliporudi kuchukua mzigo, Celina alimwonyesha mtandio kabla hajamwonyesha bei, akamsimamisha pale na kumweleza kila ua lilivyopatikana, mpaka yule bwana akaomba kuushika. Celina akamwambia akanawe mikono kwanza. Akaenda kunawa.

Siku ya harusi, Celina alikaa ndani na wanawake, nyumbani kwa Badria, wanaume wakiwa nje chini ya turubai. Nasreen alipotolewa, wanawake wote waligeuka. Mtandio ulimshukia kama moshi wa udi, maua yake yakionyesha kijani cha gauni lililokuwa chini. Mgeni mmoja akamnong’oneza mwenzake kwamba vitu kama hivyo havipatikani Bongo, hicho ni cha Dubai.

Celina akaweka chini sahani yake ya pilau.

“Huo umefumwa Kariakoo,” alisema, kwa sauti aliyoitumia kuwaita wapagazi. “Ameufuma mume wangu, Aristides. Mwendesha kreni.”

Nyanya yake Nasreen, bibi wa miaka themanini na kitu aliyewahi kufuma enzi zake, hakuridhika na maneno. Aliagiza mwanaume huyo aitwe. Aristides akaja mpaka barazani, akavua kofia, akaamkia shikamoo. Bibi alimtokea hapo, akaitika marahaba, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu na kuipapasa vidole kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akamuuliza lile ua la pembeni, lenye majani sita, alilianzia wapi.

Aristides akachuchumaa mbele yake kumweleza. Celina alisimama mlangoni akiwatazama, pilau yake ikipoa ndani, wala hakuijali.