Tui la Maabara ya Kibokoni

Saa nne asubuhi, mahamri yakishafika maabara ya ghorofani pale Kibokoni, Dkt. Joab hujisifu mbele ya wageni: "Hapa kwangu jasho la mtu halipotei." Dama Tsofa, mwenye jasho lenyewe, huwa nyuma yake akiosha vichupa.

Kazi ya Dama ni kuyeyusha polima, kemikali ya nyuzi ndogo mno, kwenye maji. Kukiwa na baridi, nyuzi zake huyakumbatia maji, chupa ikawa angavu hata ukaweza kusoma gazeti lililo upande wa pili. Likiingia joto la adhuhuri ya Mombasa, nyuzi huyaachia maji zikajikunyata, na chupa ikawa nyeupe kama tui. Ibane kwa pampu, presha ipande, nyuzi huyakumbatia tena na weupe ukatoweka. Miaka mitatu Dama ameandika hayo daftarini, na mengine ambayo hakufundishwa na mtu.

Februari ripoti ya kazi hiyo ikatoka bila jina lake. Dama akapandwa na hasira, akawa mweupe tui toka shingoni hadi vidoleni. Sisi wenzake tulisogeza viti tumpishe. Akasema ataka jina lake liandikwe, hata likiwa la pili. Dkt. Joab hakushtuka, yeye ni msomi. Alimkumbusha kwa upole kwamba mkataba wake unaisha Ijumaa, na kwamba mamake kule Kaloleni bado anameza dawa. Kila alivyobanwa, Dama alizidi kuwa angavu. Kufikia adhuhuri kalenda ya ukutani ilisomeka kupitia kifuani mwake. Elvis wa stoo alimkalia, akaomba radhi, akaendelea na chapati yake.

Siku ya kuwasilisha matokeo, ukumbini karibu na Ngome, Dama alipewa chupa aishike jukwaani. Kwa kuwa mshikaji haonekani, chupa ilielea, na wageni wakapenda sana. Dkt. Joab akatangaza ugunduzi wake: presha ikizidi kupita kiasi, weupe hurudi, ila safari hii nyuzi haziachii maji hata tone. Kisha akamwinamia Dama na kumnong'oneza kwamba lile daftari ameshalichoma.

Dama akawa mweupe mbele ya watu mia mbili, mweupe kuliko chupa. Chozi halikumtoka.

"Hiyo kazi ni yangu," alisema. "Ukurasa wa arobaini na moja, kwa wino wa kijani."

Dkt. Joab alimshukuru msaidizi wake kwa kuyaonyesha matokeo kwa vitendo. Bango lilibaki na jina moja, na hadi leo lina jina moja. Ndipo ukumbi mzima ukasimama kumtetea Dama, wa kwanza nikiwa mimi.

Mahfudha, aliyekuwa akigawa chai mlangoni siku ile, amenisikiliza nikisimulia mpaka hapa, kisha akatua birika.

"Hakusimama mtu," amesema. "Na makofi ya kumshangilia Daktari, mwanangu, ulianza kupiga wewe."