Shikamoo kwa Namba

Ziada wa Mikumi alikuwa msimamizi wa kujitolea wa kamusi elezo ya mtandaoni, akijiita Swala. Asubuhi hiyo, katika intaneti kafe pekee ya Kilosa, alikuwa amechoshwa na mhariri asiye na jina, anayeonekana kwa namba ya anwani ya mtandao tu, aliyeng'ang'ania kuandika kwamba Kilosa ndiyo sebule na Mikumi ni uani.

Ziada alifuta, yule akarudisha. Alipomwonya, yule akajibu: "Mtoto hujui hata kuamkia."

Kuamkia namba? Ziada akaifungia anwani ile mwezi mzima, akajinyoosha kwa raha. Alipotaka kuhariri tena, kompyuta ikamgomea: anwani yako imefungiwa na Swala. Kumbe kafe nzima ilitumia anwani moja.

Kwenye kiti cha jirani, Mzee Ditram, mstaafu wa reli, alivua miwani na kusonya.

"Binti, na wewe umefungiwa? Huyu Swala hana adabu kabisa."

Ziada akazima skrini yake taratibu.

"Kabisa, mzee," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe waliolelewa bado wapo."