Sauti Aliyokataa Kuirekodi

Longinus alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko Murungu, wilayani Kibondo. Kwao ni Kagera. Alipopangiwa kazi Kibondo alikusudia kukaa miaka miwili kisha aombe uhamisho, lakini akakutana na Josephina, binti wa Kitanga, upande wa Kasulu, aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka moja mjini. Habari ya uhamisho ikaishia hapo. Mwaka 2013 ulipoanza walikuwa na mtoto mmoja, Recho, wa miaka mitatu.

Wanafunzi walimpenda Longinus kwa sababu ya dakika zake za mwisho. Akimaliza somo mapema aliwasimulia mambo yatakayokuja: magari yasiyo na dereva, daktari anayempasua mgonjwa aliye nchi nyingine. Yeye mwenyewe aliyaamini kwa furaha, kama mtu anayengoja mgeni.

Januari ile, katika kabati la ofisi ya walimu, aliokota kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kilichoachwa na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa amekwisha kurudi kwao. Kilikuwa na hadithi za miaka ijayo, na moja ilimkamata. Mtu mmoja alifiwa na mkewe, akanunua kisanduku kilichojifunza sauti ya marehemu kutoka kwenye kanda zake. Mwanzoni kilirudia maneno yake tu. Baadaye kikaanza kujibu. Baadaye tena kikaanza kusema mambo ambayo yule mke hangeyasema kamwe, mpaka siku moja mtoto wao alipobisha hodi, kisanduku kikamwomba baba asimfungulie. Baba akatii. Alikutwa amekaa kitini, mkavu kama kuni, sauti bado inamsimulia.

Longinus aliisoma Jumapili mchana, mvua inanyesha, na alipomaliza alikisukuma kitabu mbali. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia watoto wa watu kwamba yajayo ni mazuri. Alimsimulia mkewe hadithi nzima huku Josephina akishona sare za shule. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani, kisha akauliza, "Huyo mtu hakuwa na majirani?"

Longinus alisema hadithi haikutaja majirani.

"Basi ndiyo maana," alisema Josephina, akaingiza uzi mwingine.

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Longinus hakucheka. Tangu siku hiyo aliacha kuwasimulia wanafunzi habari za miaka ijayo, na walipomuuliza alisema mtihani umekaribia.

Mwezi wa saba sauti ya Josephina ilianza kukwaruza. Walidhani ni vumbi la kiangazi. Dawa za hospitali ya wilaya hazikusaidia, na mwezi wa tisa walipelekwa Mwanza, ambako daktari aliwaonyesha picha ya uvimbe kooni na kuwaeleza bila kuwaficha. Ili Josephina apate kuishi, kisanduku cha sauti kilichomo kooni kingeondolewa. Hangezungumza tena. Walipewa siku tano za kurudi nyumbani kujiandaa, na siku mbili kati ya hizo zingeliwa na safari. Kwenda Kitanga kumwona mama yake hakukuwa na nafasi.

Siku ya pili Josephina alimkalisha mumewe barazani. Simu yake yeye ilikuwa ya tochi, haina uwezo wa kurekodi. Ya Longinus ilikuwa nao.

"Nataka kumsimulia Recho siku aliyozaliwa," alisema. Sauti ilikuwa imebaki nusu, lakini ilikuwa yake. "Na Mama nimwambie maneno mawili kwa Kiha. Wewe shika tu simu."

Longinus aliitazama simu mkononi mwake, akaona kile kisanduku. Alimwona Recho mkubwa, amejifungia chumbani na sauti, asiyefungulia mtu mlango. Alijua kwamba ni mambo ya kubuniwa, na bado hofu ilimshika.

"Sauti isiyo na mtu si kitu cha kumwachia mtoto," alisema.

"Lakini mtu atakuwepo. Sauti ndiyo haitakuwepo."

Longinus aliinuka. Alisema simu haina chaji, akaenda nayo dukani, akakaa huko akizungumza habari za mpira mpaka jua lilipotua. Aliporudi, Josephina alikuwa anamwogesha mtoto, na hakuligusia tena jambo lile. Angeweza kumwomba Asia, jirani yao, mwenye simu nzuri kuliko ya Longinus. Hakumwomba. Hakuwa mtu wa kupita nyuma ya mume wake.

Walimwacha Recho kwa Asia wakapanda basi. Walipopita Nyakanazi Josephina alimwinamia sikioni akasema tena, kwa kunong'ona, kwamba hata dakika moja ingetosha. Longinus alijifanya injini imemzuia kusikia. Baada ya hapo mkewe alitazama dirishani hadi Mwanza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Josephina alirudi Kibondo na tundu dogo shingoni, lililofunikwa kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, na daftari la kuandikia. Alimwita mtoto kwa kupiga makofi mawili. Recho alizoea upesi kuliko wote. Hata akiwa anacheza kwa majirani, makofi mawili yalimrudisha mbio. Longinus ndiye hakuzoea. Nyumba ilikuwa imejaa mkewe na bado kimya, na kila alipotaka kusema kitu juu ya siku ile ya barazani, maneno yalimwishia.

Josephina hakumlaumu. Mara moja tu, wakichambua maharage, aliandika mstari mmoja kwenye daftari akamsogezea: *Nilitaka tu anisikie nikicheka.* Kisha akaigeuza karatasi, akaandika kwamba chumvi imekwisha.

Uvimbe ulirudi. Josephina alifariki mwezi wa nne mwaka 2014, akazikwa kwao Kitanga.

Baada ya arobaini Longinus alikitafuta kile kitabu, akaisoma hadithi upya. Alitaka apate pa kuitupia lawama. Hakupata. Hadithi ilikuwa ya mtu aliyekataa kumfungulia mwanawe mlango, na yeye aliisoma akaona kisanduku tu.

Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa mwezi wa sita, alimpeleka Recho kwa bibi yake. Walichelewa njiani kwa sababu mabasi yaliyobeba wakimbizi kutoka Burundi yalikuwa yanapishwa kuelekea kambini. Mama mkwe aliwapokea na "mwakeye" nyingi, salamu ya Kiha, akawapa ugali wa muhogo, akamkalisha mjukuu kwenye mkeka. Akaanza kumsimulia jinsi Josephina alivyokuwa mbishi utotoni, anajibizana na kila mtu.

Recho alimsikiliza, akauliza, "Bibi, Mama alikuwa anaongea?"

Bibi alidhani hakusikia vizuri. Recho akarudia. Alikuwa na miaka mitano, na mama aliyemkumbuka alikuwa wa makofi mawili.

Longinus aliinamisha kichwa. Halafu akasema yote, mbele ya mtoto, kwa Kiswahili cha polepole ili mama mkwe asikose neno: hadithi ya kitabu, ombi la barazani, simu aliyoipeleka dukani, minong'ono ya kwenye basi. Na yale maneno mawili ya Kiha ambayo Josephina alitaka kumwambia mama yake.

Mama mkwe aliikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake mapajani.

"Mimi sijui kusoma, Baba Recho," alisema mwishowe. "Ile barua aliyoniandikia kabla ya kupasuliwa nilisomewa na watu. Nilidhani mwanangu hakutaka kuniaga kwa mdomo wake. Mwaka mzima nimekuwa nikimuuliza Mungu nilimkosea nini."

Longinus alisema, "Nisamehe, Mama."

"Hata kikohozi chake ungeniletea," alisema yule mama. Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Aliinuka akaenda kuwafunga mbuzi.

Walikaa Kitanga wiki nzima. Recho alizunguka kijijini akiuliza kila mtu sauti ya mama yake ilikuwaje. Shangazi mmoja alisema ilikuwa nene kidogo. Mwanamke aliyesoma na Josephina alisema hapana, ilikuwa nyembamba, na akiimba kanisani ilisikika juu ya wote. Mjomba alisema ilifanana na ya bibi alipokuwa kijana. Recho aliyabeba majibu yote mpaka kwa baba yake, amwambie lipi ni la kweli.

Longinus alifumba macho akaitafuta. Alikaa hivyo mpaka mtoto akamtikisa bega, na bado hakujua ni nani kati yao aliyesema kweli.