Beseni la Homa

Kila asubuhi, kabla mlango wa zahanati haujafunguliwa, muuguzi huwa ameshafunga dawa za homa. Vifuko vidogo, vyote sawasawa, vimejaa kwenye beseni la bluu. Ukija na homa, unapewa kifuko.

Mama Kibibi alikaa kwenye benchi, mtoto mapajani. Mtoto walimwita Kibibi kwa sababu alikuwa na maneno kama bibi kizee. Siku hiyo maneno hayakutoka. Kila alipovuta pumzi mbavu zilibonyea.

Daktari alimtoboa kidole, akatazama kipimo.

"Malaria hana."

"Afadhali. Ana nini basi, daktari?"

"Homa." Akachota kifuko kwenye beseni. "Asubuhi na jioni."

"Si ya malaria hii?"

"Ndiyo tuliyoletewa. Au unataka nikupe ambayo haipo?"

Benchi zima likacheka. Mama Kibibi naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Lakini hizi mbavu, baba. Ungemfunua tu..."

"Umesoma mpaka wapi, mama?"

"Msingi."

"Haya. Usinirudie hapa dozi haijaisha. Mnatujazia foleni."

Nyumbani, mama mkwe alimtazama mjukuu, akasogeza kigoda.

"Mrudishe, mwanangu. Mbavu zikibonyea hivi hakusubiriwi."

"Wamesema mpaka dozi iishe, mama."

"Dozi ndiyo iliyomzaa?"

Mama Kibibi alisaga kidonge kwenye kijiko. Kibibi akakitema.

"Kichungu. Kimeze... wewe... kwanza."

Akakilamba mbele yake, mtoto akakubali. Akasubiri. Kesho yake midomo ya Kibibi ilipoanza kuwa na rangi ya majivu, alimfunga mgongoni akatoka mbio, kifuko kimefundikwa kwenye pindo la kanga.

Karibu na kalvati, ile pumzi ya moto iliyokuwa ikimpiga shingoni ikakoma. Alisimama. Akamwita mara moja, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Kisha miguu ikaendelea kwenda ilikokuwa ikienda.

Dirishani muuguzi hakuinua kichwa.

"Dozi imeisha?"

Mama Kibibi akafundua pindo, akatoa kifuko. Muuguzi akakitikisa.

"Si hivi vimebaki? Hammalizi dawa, halafu mnasema zahanati haitibu." Akakitupa ndani ya beseni, akachukua kingine kilichojaa. "Anza upya. Safari hii ummalizie."

Nyuma yake, kwenye benchi, mwanamke mmoja aliuona mguu mdogo ukining'inia, akaziba mdomo.

Mama Kibibi alikipokea kifuko kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa.