Upindo wa Mbao

Fundi cherehani hakuwahi kupigilia hata rafu, lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Tangu binti yake arudi nyumbani na watoto, cherehani ilikaa kwenye ujia, kati ya jiko na choo, na kila mpitaji alijigonga goti. Binti akasema, kwa upole tu, "Mama, ukiipatia pa kukaa, sawa. Usipopata, Jumamosi shangazi aichukue."

Shangazi huyo ndiye wifi wa fundi, mwenye duka la vitambaa. Cherehani ile alikuwa akiimezea mate siku nyingi.

Basi fundi akatafuta mchoro, akaanza kibanda cha pembetatu nyuma ya nyumba, kile ambacho paa ndilo ukuta, likishuka mpaka chini pande zote mbili. Alikata mbao moja ya kielelezo, akazilaza nyingine juu yake moja moja, akachora kwa chaki yake ya kushonea, akakata bila pupa.

Jumamosi asubuhi akalaza jozi ya kwanza ya mbao chini, miguu kwenye alama zake. Vichwa havikukutana. Vilipitana, kama mkasi ulioachwa wazi.

Wifi akaingia uani na mkokoteni wa kukodi.

"Wifi, hii nyumba au mbuzi? Naona pembe!"

"Nimepima sawasawa na mchoro."

"Ukakata wapi?"

Fundi akatazama chaki mkononi. "Niliacha upindo."

"Upindo! Kwenye mbao!"

"Shubiri nzima. Si mbao ni nene kuliko kitambaa?"

Wifi alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la mbao. "Haya, nionyeshe mashine yangu."

Fundi akachukua msumeno akate ile ziada, kisha akauweka chini. Akalaza jozi ya pili. Ikapitana palepale. Ya tatu, palepale. Upindo hautupwi, alijisemea, upindo unashonewa. Akatoboa pale mbao zilipopitana, akakaza bolti moja nene kila jozi.

"Wifi, shika hapa tusimamishe."

"Mimi nimekuja kubeba cherehani."

"Utaibeba. Shika."

Wakasimamisha jozi zote, wakizishikiza kwa vipande vya mbao visianguke. Ikabaki mbao ndefu ya mgongo wa paa, ile iliyokuwa ikimnyima fundi usingizi, maana mchoro ulitaka watu wawili waishikilie juu huku wa tatu anapigilia. Wakapanda ngazi, huyu huku, yule kule, wakaiachia kwenye zile pembe. Ikatulia kama mtoto mgongoni. Wifi akashuka, akasukuma jozi moja kwa bega. Haikutikisika.

Binti akatoka na beseni la nguo, akasimama kutazama. "Shangazi, samahani," akasema. "Naona cherehani haitoki."

"Na mkokoteni nimekodi bure?"

"Bure kwa nini?" fundi akasema, akijipangusa chaki. "Mabati ya paa bado yapo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Twende."

Wifi akaguna, akatundika mkoba wake kwenye pembe iliyokuwa karibu na ngazi, akashika mkokoteni.