Kokteli za Koti Mbili

Mtaani walimwita Koti Mbili, kwa sababu mteja yeyote aliyeingia katika duka alilofanyia kazi kutafuta rangi ya ukuta, kabla hata hajaitikiwa salamu, alikuwa ameshaambiwa kwamba rangi isiyopigwa koti mbili, yaani isiyorudiwa mara ya pili, ni kazi bure. Lakini kwao, kwenye ukoo, hakuna aliyemwita hivyo. Kwao alikuwa mtu wa viti. Iwe sherehe, iwe msiba, iwe kikao cha kugombania mpaka wa shamba, wengine waligawiwa mapishi, muziki, picha na maneno ya kusema mbele ya watu. Yeye aliambiwa, "Wewe utaangalia viti." Na viti, jamani, havina wa kuvisifia. Hajatokea mgeni aliyerudi nyumbani akisimulia jinsi alivyokalishwa.

Basi dada yake mkubwa, mkunga, alipostaafu na kuamua kuwaalika ndugu, alimpigia simu pale pale dukani.

"Mdogo wangu, safari hii vinywaji nakuachia wewe. Nataka zile kokteli za rangi rangi wanazoleta hotelini, ila zitengenezwe nyumbani. Si wewe ndiye mwenye mambo ya rangi?"

Koti Mbili alikaa kitako juu ya debe. "Na viti?" akauliza.

"Viti ataangalia shemeji yako."

Machozi yalimlengalenga, tusifiche. Akajiapia kwamba asipowafurahisha watu siku hiyo, basi arudishiwe viti vyake mpaka kaburini na asilalamike.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unachukua pombe kali isiyo na rangi, unaimimina kwenye chupa ya mdomo mpana, unaloweka humo tunda au kiungo, unafunika, unaificha kabatini na unavuta subira. Watu wenye akili zao huloweka nanasi, tangawizi, maganda ya chungwa, vanila. Koti Mbili naye alianza na nanasi. Baada ya siku chache akaitoa chupa, akaisogeza dirishani na kukunja uso. Ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

"Imepauka," alimwambia mkewe. "Hii haifuniki kitu."

Nanasi likatupwa. Tangawizi nayo ikafuata, kwa kosa la kukosa msimamo. Akaja na viazi vyekundu vya bitiruti, vikatoa wekundu wa kumsimamisha mtu njiani. Akaloweka kabichi ya zambarau, akaongeza magadi kidogo, na kimiminika kikageuka buluu mbele ya macho yake mpaka akacheka peke yake. Kwa rangi ya dhahabu alihangaika sana, akajaribu hiki na kile, hadi alipogundua kwamba hakuna kinachoyashinda maganda makavu ya kitunguu. Akayakusanya jikoni kwake, kisha kwa jirani, kisha akaanza kuwasalimia wauza mboga kwa ukarimu usio wa kawaida.

"Baba watoto," mkewe akamuuliza, "hayo maganda ni ya kupikia nini?"

"Hii ni dhahabu," akajibu, bila kuinua kichwa.

Mkewe hakugusa pombe, kwa ajili ya dawa zake za presha, hivyo akamwacha na mambo yake. Alimwona tu kila jioni akichovya kijiti chupani, anapaka kwenye kadi nyeupe na kungoja ikauke, kisha anaipeleka kadi juani, kivulini na chini ya taa. Hivyo ndivyo alivyopima kila kitu maishani. Kuhusu kuonja, wazo hilo halikumjia kamwe, kama ambavyo halimjii mtu wazo la kunusa redio. Dukani kwao anayepeleka kidole mdomoni hufukuzwa kazi, na aliyewafundisha wenzake sheria hiyo ni yeye mwenyewe.

Sasa, kokteli hutikiswa, na yeye alijua mahali pamoja tu pa kutikisia kitu kikatikisika. Alimwomba mama mwenye duka ruhusa, akanunua madebe mapya kabisa, akayasuuza kwa maji ya moto, akamimina vinywaji vyake na kuyafunga kwenye mashine ya kuchanganyia rangi. Mashine ikanguruma, duka zima likatetemeka. Alipofunua debe la buluu, mteja mmoja alichungulia akataka la chumba cha kulala.

"Hii ni ya kunywa," Koti Mbili alimwambia.

Mteja alimtazama, akatazama debe, akaenda kununua rangi duka la ng'ambo ya barabara.

Siku ya siku ikafika. Koti Mbili alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, akapanga bilauri uani kwa dada yake na kuanza kumimina. Dhahabu, aliyoizidishia sukari ili iwe nzito, ikatulia chini. Nyekundu ikakaa katikati, buluu ikaelea juu. Mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula, na watu wakanyamaza kwa mshangao. Kisha wakayaona madebe, wakanyamaza zaidi.

Dada mtu ndiye aliyetangulia. Alipiga funda kubwa, akafumba macho, na macho yakabaki yamefumbwa kwa muda.

"Eeh," alisema hatimaye. "Imekaa vizuri."

Shangazi yao, mwanamke asiyesifu hata mvua, alikunywa akashika meza. "Nimeisikia mpaka magotini," akasema. Shemeji alikunywa huku amebana pua, akaeleza kwamba ana mafua. Koti Mbili alihisi kifua kikimpanuka. Hakuna aliyemtuma kiti. Watu walimwita kwa jina, wakamuuliza amefanyaje fanyaje, naye akawaeleza yote, isipokuwa vilivyolowekwa, kwa kuwa hiyo ni siri ya fundi.

"Sasa koti la pili," akatangaza, akimimina tena.

Watu wakatazamana. Dada mtu akawakazia jicho lile alilotumia miaka yote kuwaamuru wanawake wasukume, na kila mmoja akainua bilauri yake. Koti Mbili aliona, akadhani ni kiu. Wakanywa mpaka madebe yakabaki na vijitone.

Jioni alikuwa jikoni kwa dada yake, na mkewe, wakiosha vyombo, yeye anapiga mluzi.

"Na wewe," mkewe akauliza, "uliipenda ipi?"

"Buluu. Haina doa."

"Nauliza kwa ladha, baba watoto."

Mluzi ukakatika. Akasimama na bilauri mkononi, maji yakimchuruzika kiwikoni. Kisha akainamisha debe moja baada ya jingine, akapata nusu bilauri, akanywa. Kilichomfikia kwanza kilikuwa kitunguu. Nyuma yake ikaja kabichi, tena kabichi iliyolala, na magadi yakafunga kazi kwa ladha ya sabuni ya kufulia. Akashikilia sinki.

Alitoka nje, uani, akaenda moja kwa moja kwenye vyungu vya maua. Akachomeka kidole kwenye udongo wa kila chungu. Mkavu. Akachungulia nyuma ya ukuta, akachungulia mtaro. Pakavu. Hapakumwagwa hata tone. Kule getini ndugu zake walikuwa wakiagana, midomo ya buluu, meno mekundu, wanacheka, shangazi anasukutua kwa maji ya bomba. Walikunywa yote, mara mbili, na hakuna aliyefungua mdomo kumwambia. Hakujua kama amewahi kupendwa hivyo, wala kuaibika hivyo, na vyote viwili vikamtoka machoni kwa pamoja.

Dada yake akaja akasimama kando yake.

"Mdogo wangu, mbona unalia?"

"Ni kitunguu," akasema, akijifuta kwa mkono wa shati.

"Najua," dada akajibu. "Nimekinywa mchana kutwa."